Uzi wa USS Neosho: meli ya mafuta iliyotoka salama Pearl Harbor, ikaja kupigwa ikidhaniwa inabeba ndege

Mkunazini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu jukwaani tukigusa vita vya Pasifiki, hadithi ni manowari Yamato, meli ya ndege Enterprise, mapigano ya Midway na marubani wa ndege za Zero. Sawa, lakini hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ingefika popote bila mafuta. Manowari ndogo za kusindikiza zikikimbizwa kwa kasi zinakausha matanki ndani ya siku chache tu, na katikati ya Pasifiki hakuna pa kujazia. Kamanda anaweza kuwa na ndege mia, lakini kama meli ya mafuta haipo jirani, hesabu yake yote ni ya kurudi nyumbani.

Nataka tuiangalie meli moja, USS Neosho, namba yake AO-23. Kwa maoni yangu ukiifuata hii tangu 1939 hadi Mei 1942 utaelewa ule mwanzo wa vita vya Pasifiki vizuri kuliko ukifuata manowari yoyote ya mizinga. Ni ndefu kidogo, nitashusha vipande vipande. Mwenye swali aulize, tusingoje mwisho.

Jina ni la mto, Neosho, unaopita Kansas. Meli za mafuta za jeshi la majini la Marekani zilikuwa zikipewa majina ya mito. Ilijengwa Kearny, New Jersey, kwenye kiwanda cha Federal Shipbuilding, ikashushwa majini tarehe 29 Aprili 1939 na kukabidhiwa jeshini tarehe 7 Agosti mwaka huo huo. Ilikuwa ya pili katika kundi la Cimarron, yaani meli zilizojengwa kwa ramani moja. Urefu wake ni futi 553, yaani kama mita 168, upana futi 75, na ikijaa uzito wake unakaribia tani 25,000.

Cha kushika hapo ni mwendo. Meli za mafuta za zamani zilikuwa zinajikokota. Hizi za kundi la Cimarron zilibuniwa kwa ushirikiano wa serikali na kampuni ya mafuta ya Standard Oil: serikali ikafidia gharama ya injini kubwa na rafadha mbili, kwa makubaliano kwamba vita vikija zinaingia jeshini. Matokeo yake Neosho ilikwenda maili 18 za baharini kwa saa ikiwa na mzigo wake wote tumboni. Kwa meli ya mafuta ya mwaka 1939 hiyo ni kasi ya ajabu, na huko mbele mtaona kwa nini ilikuwa na maana.

Inaendelea.

Binti Chongoleani

Nimekaa mkao wa kula, mkuu. Swali la haraka: walikuwa wanajaza vipi meli nyingine katikati ya bahari? Zinasimama?

Mkunazini

Dada Binti, hazisimami, na hapo ndipo ufundi ulipo. Meli iliyosimama baharini nyambizi inaipiga bila jasho. Kwa hiyo zote mbili zinatembea, ubavu kwa ubavu, mwendo wa maili nane hadi kumi na mbili hivi kwa saa, zikiwa zimeachana mita ishirini na kitu tu. Inarushwa kamba nyembamba kwanza, ile inavuta kamba nene, kamba nene inavuta mpira wa mafuta ambao unaning'inizwa kwenye winchi ili usizame majini wala usikazwe ukakatika. Mshika usukani haondoi jicho kwenye dira hata kidogo, kwa sababu maji yanayopita kati ya meli mbili zinazotembea karibu yanazivuta zigongane. Bahari ikichafuka mipira inakatika na mafuta yanamwagika kwenye sitaha, watu wanateleza.

Walioanza namna hiyo kwa Wamarekani ni meli nyingine ya mafuta, USS Maumee, mwezi Mei 1917, walipozijazia manowari sita zilizokuwa zinavuka Atlantiki kwenda Queenstown, Ireland. Mhandisi kijana aliyekuwa ndani ya Maumee na kushiriki kubuni ule utaratibu aliitwa Chester Nimitz. Ndiye huyo huyo ambaye Desemba 1941 alikabidhiwa kikosi chote cha Pasifiki. Watu wanamsifu Nimitz kwa Midway. Mimi namsifu kwanza kwa ule mpira wa mafuta.

Baharia wa Zamani

Mwanzisha uzi umesema kweli. Nimewahi kuwa sitahani wakati tunapokea mafuta kutoka kwenye boti ya mafuta, sisi tukiwa tumetia nanga, bahari shwari, na bado roho ilikuwa juu. Mpira ukijaa unakuwa mzito mno na unacheza wenyewe. Kufanya hivyo mkiwa mnatembea, usiku, taa zimezimwa, ni kazi ya watu waliofundishwa wakafundishika. Heshima kwao.

Mkunazini

Shukrani mzee wangu. Sasa twende Pearl Harbor, bandari ya jeshi la majini la Marekani kule Hawaii, ambayo Wajapani waliishambulia tarehe 7 Desemba 1941.

Mwaka 1941 kazi ya Neosho ilikuwa kuchota petroli ya ndege pwani ya magharibi ya Marekani na kuipeleka Hawaii, safari baada ya safari. Tarehe 6 Desemba ikafika tena na shehena yake. Usiku ule ikafungwa kwenye gati la mafuta la kisiwa cha Ford, inamwaga petroli kwenye matanki ya kituo cha ndege. Sasa angalia ramani ya asubuhi ya tarehe 7: gati lile lipo katikati ya ule mstari wa manowari kubwa. Upande mmoja California, upande mwingine Maryland na Oklahoma. Matanki ya nchi kavu yamejaa petroli mbichi, na meli yenyewe, hata kama ilikuwa imemaliza kushusha, matanki yake yamejaa mvuke wa petroli. Wanaofanya kazi na mafuta wanajua tanki tupu lenye mvuke ni hatari kuliko tanki lililojaa.

Kapteni alikuwa John S. Phillips, wakati huo cheo chake kamanda. Mabomu yakaanza kabla kidogo ya saa mbili asubuhi. Torpedo, yale mabomu yanayokwenda ndani ya maji, zinapita, Oklahoma inapinduka mbele ya macho yao, Arizona inalipuka. Phillips hakusubiri tagi wala rubani wa bandari. Kamba za gati zikakatwa kwa mashoka, injini zikapigwa kinyumenyume, na ile meli ya mita 168 ikajitoa yenyewe kinyumenyume, ikipita karibu na Oklahoma iliyokwisha kulala kifudifudi, huku watu wake wenyewe wakifyatua bunduki zao juu. Ikafika upande wa pili wa bandari bila bomu hata moja. Kwa kuitoa meli pale Phillips alitunukiwa nishani ya Navy Cross.

Fikiria ingewaka pale pale. Maryland ilikuwa imebanwa kwa ndani nyuma ya Oklahoma, haikuwa na pa kukimbilia. Matanki ya petroli ya kituo cha ndege yalikuwa hatua chache kutoka gatini. Kila mwaka tarehe 7 Desemba wanahesabiwa waliozama, na ni haki. Lakini ile dakika Neosho ilipoachana na gati iliokoa watu wengi ambao hawakujua hata kwamba wameokolewa.

Kijana wa Sengerema

Mkuu kwa nini Wajapani hawakuipiga? Iko palepale katikati, kubwa hivyo.

Mkunazini

Marubani walikuwa wamepewa orodha ya shabaha: manowari za mizinga na meli za kubeba ndege. Meli ya mafuta haikuwa na hadhi ya torpedo. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa yale matanki makubwa ya mafuta ya Pearl Harbor, kama mapipa milioni 4.5. Hayakuguswa. Nimitz mwenyewe baadaye alisema kwamba kama yangeteketezwa, vita vingerefuka kwa miaka. Na linalouma kwa upande wa Wajapani ni kwamba wao wenyewe walifika Hawaii kwa sababu ya meli za mafuta zilizoandamana nao njia nzima ya kaskazini. Walijua thamani ya zile zao, wakazipita za mwenzao.

Mkunazini

Tuvuke haraka miezi ya katikati, ila jambo moja lazima niliseme.

Desemba hiyo hiyo Wamarekani walituma kikosi cha meli ya ndege Saratoga kwenda kuokoa kisiwa cha Wake. Kamanda wake alikuwa Frank Jack Fletcher, shikeni hilo jina. Meli ya mafuta aliyopewa ilikuwa Neches, kongwe, mwendo wake maili 12 au 13. Kikosi kizima kikalazimika kutembea kwa mwendo wa mkongwe yule. Wake ikaanguka mikononi mwa Wajapani tarehe 23 Desemba, kikosi bado hakijafika, kikaitwa kirudi. Mwezi uliofuata, tarehe 23 Januari 1942, nyambizi ikaizamisha Neches yenyewe, na shambulio jingine lililopangwa, la meli ya Lexington, likafutwa siku hiyo kwa sababu mafuta hayapo tena. Meli moja ya mafuta imezama, kikosi cha meli ya ndege kimegeuza.

Ndiyo maana nilisisitiza zile maili 18 za Neosho. Meli kama yake zilikuwa chache mno mwanzoni mwa 1942, na kila kikosi kilizihitaji.

Mwalimu Kasole

Mkunazini, Fletcher analaumiwa sana kwenye vitabu kwamba alikuwa mtu wa kuwaza mafuta tu, kila mara anataka kusimama ajaze. Wewe unamtetea?

Mkunazini

Namtetea, mwalimu. Mtu aliyeona Wake inaanguka huku anasubiri Neches, halafu Mei akapoteza Neosho, atakuwa mwendawazimu asipowaza mafuta. Wanaomlaumu wanahesabu meli na ndege zake. Hawahesabu mapipa.

Sasa Mei 1942, Bahari ya Matumbawe, kaskazini mashariki ya Australia. Wajapani wanataka kuteka Port Moresby kule Papua. Fletcher yuko na meli za ndege Yorktown na Lexington. Wajapani wana meli mbili kubwa za ndege, Shokaku na Zuikaku, chini ya Admirali Takagi, na shughuli za ndege zikiwa mikononi mwa Admirali Hara. Kuna pia meli ndogo ya ndege, Shoho, iliyokuwa inalinda msafara wa uvamizi.

Tarehe 6 Mei Neosho inaijazia Yorktown na manowari Astoria. Ikimaliza, Fletcher anaiondoa kwenye hatari: nenda kusini, kaa huko mpaka nikuite. Mlinzi wake ni manowari moja ndogo, USS Sims. Kila mtu aliamini wamepelekwa mahali salama.

Asubuhi ya tarehe 7, ndege ya upelelezi ya Wajapani inawaona. Rubani anaangalia chini: meli moja ndefu, sitaha bapa, nyingine ndogo pembeni. Anatuma taarifa: meli moja ya kubeba ndege na manowari moja. Hara na Takagi hawakungoja. Zikarushwa ndege 78 kwa mpigo: 18 za kivita, 36 za kudondosha mabomu, 24 za torpedo. Hiyo ndiyo ngumi nzima ya Shokaku na Zuikaku, imetupwa kusini.

Zikafika, zikazunguka zaidi ya saa nzima zikitafuta meli ya ndege ambayo haipo. Na wakati huo huo taarifa nyingine zinaingia kwa Takagi: meli halisi za Wamarekani ziko upande mwingine kabisa. Kuelekea saa tano na nusu asubuhi kiongozi wa msafara, Takahashi, akakubali kwamba alichonacho chini ni meli ya mafuta. Akazirudisha ndege za torpedo na za kivita. Zile 36 za mabomu akaziamuru zimalize kazi iliyopo.

Sims ilipigwa mabomu matatu, ikakatika na kuzama mara moja. Ilikuwa na watu karibu 190, wakapona wachache mno, wasiozidi kumi na watano. Neosho ikapigwa mabomu saba yaliyotua ndani ya meli, na mengine yakilipuka pembeni, na ndege moja iliyotunguliwa ikaja kujibamiza kwenye mzinga wake mmoja, petroli yake ikawaka sitahani.

Haikuzama.

Kijana wa Sengerema

Mabomu saba na ndege juu na bado inaelea?? Ilitengenezwa na nini?

Baharia wa Zamani

Mjukuu wangu, meli ya mafuta imegawanywa matanki mengi ndani, na kila moja lina kuta zake. Bomu likitoboa moja, mengine bado ni mazima. Mafuta yenyewe ni mepesi kuliko maji ya bahari, na tanki lililokwisha tolewa mafuta likifungwa linakuwa boya. Hiyo Neosho ilikuwa imetoka kuijazia Yorktown, kwa hiyo ilikuwa na matanki matupu. Mafuta mazito ya meli nayo hayalipuki kirahisi kama petroli ya ndege. Ingekuwa imebeba ile shehena ya Pearl Harbor tusingekuwa na hadithi ya kusimulia.

Mkunazini

Umemaliza kila kitu mzee. Ililala upande wa kulia kama nyuzi 30, injini zimekufa, moto, mvuke unavuja ndani, lakini ikabaki inaelea.

Hapa naomba niongelee mtu mmoja, Oscar Verner Peterson, mzaliwa wa Prentice, Wisconsin. Huyu alikuwa msimamizi wa watu wa maboila, askari wa muda mrefu, umri zaidi ya miaka 42. Siku ile alikuwa kiongozi wa kikundi cha ukarabati wa dharura. Bomu likawapiga, wenzake wakaumia, na yeye mwenyewe akaumia vibaya. Mabomba ya mvuke yamepasuka. Peterson akaingia peke yake kufunga vali kuu nne za mvuke zilizokuwa kwenye ukuta wa chumba, ili mvuke uliobaki usiendelee kuvuja na meli ipate nafasi ya kuishi. Akazifunga zote nne. Akaungua mwili vibaya sana.

Alifariki tarehe 13 Mei. Alipewa Medal of Honor, nishani ya juu kabisa ya Marekani, na mwaka 1943 manowari ikapewa jina lake, USS Peterson. Lakini nishani ile ilitumwa kwa mkewe kwa posta tu, bila sherehe yoyote. Serikali ilikuja kuikabidhi rasmi kwa mwanawe mwaka 2010, miaka 68 baadaye.

Fundi Boila

Ndugu zangu, nimesoma hapo kwenye vali nikaacha chakula. Mimi nipo kwenye boila za kiwanda cha sukari, kwa hiyo niruhusuni nieleze kidogo kwa wasiojua.

Mvuke wenye presha kubwa ukitoka kwenye bomba lililopasuka, pale mwanzo hauonekani. Unachosikia ni sauti, kali, inayoziba masikio. Weupe unaouona ni mbele, umekwisha poa. Ule usioonekana unakata nyama. Sisi tukitafuta pa kuvuja hatupitishi mkono, tunapitisha ufito au mti wa ufagio, ukikatika umejua. Na vali kubwa haifungwi kwa kuizungusha mara moja. Gurudumu lake unalizungusha mara nyingi, na jinsi linavyokaribia kufunga ndivyo linavyokuwa zito, linataka nguvu ya mabega yote. Sasa gurudumu lenyewe ni chuma kilichopata moto, mtu amejeruhiwa, meli imelala nyuzi 30, giza, na ziko nne. Baada ya ya kwanza alikuwa anajua kabisa ya pili itamfanya nini. Akaenda. Akaenda na ya tatu na ya nne. Sina la kuongeza.

Binti Chongoleani

Fundi, umenifanya nisome mara mbili. Asante.

Mkunazini, baada ya hapo waliokolewa lini?

Mkunazini

Hapa ndipo panaponiuma kuliko mahali pengine pote kwenye hadithi hii.

Wakati wa shambulio Phillips alitoa amri watu wajiandae kuiacha meli. Kwenye vurugu ile, moshi na kelele, wengi walisikia waiache. Wakaruka. Chelezo zikashushwa, nyingine zikasukumwa na upepo na mkondo zikaondoka kabla mtu hajazifikia. Jioni walipohesabiana, zaidi ya watu 150 wa Neosho hawakuonekana. Waliobaki walikuwa juu ya sitaha iliyoinama, majeruhi wamelazwa, wanangoja.

Na kulikuwa na kosa la pili. Mahali walipo palihesabiwa vibaya. Taarifa ya mahali meli ilipo iliyotumwa kwa redio haikuwa sahihi. Fletcher akatuma manowari USS Monaghan kuwatafuta, ikaenda mahali palipotajwa, ikakuta maji matupu. Ndege za doria zikatafuta, hakuna kitu. Na meli yenyewe ilikuwa inaelea na mkondo, kila saa ikizidi kusogea mbali na ile alama ya kwenye ramani.

Siku zikapita: tarehe 8, wenzao wanapigana ile siku kubwa na Lexington inazama, wao hawana habari. Tarehe 9. Tarehe 10 ndege ya Australia ikawaona. Tarehe 11 ndege ya Marekani ikafika, halafu mchana manowari USS Henley. Ikachukua watu 123: 109 wa Neosho na 14 wa Sims. Kisha Henley ikaizamisha Neosho kwa torpedo na mizinga, kwa sababu haikuwa ya kuvutwa tena.

Waliokuwa kwenye chelezo ni habari nyingine. Chelezo nne zilifungwa pamoja, zikiwa na watu 68. Maji ya kunywa karibu hakuna, kivuli hakuna, ile bahari ya kitropiki. Manowari USS Helm ilipozikuta ilikuwa imepita kama siku tisa tangu shambulio. Walikuwa hai watu wanne.

Mwalimu Kasole

Kwa hiyo Phillips yule yule shujaa wa Pearl Harbor ndiye aliyesababisha watu waruke? Tuwe wakweli, nahodha anawajibika.

Mkunazini

Nahodha anawajibika, mwalimu, hilo halina mjadala. Lakini amri yenyewe ilikuwa sahihi: meli inaungua, imeinama, unaandaa watu, hungoji ianze kwenda chini ndipo useme. Kilichovunjika ni mawasiliano. Na huyo huyo ndiye aliyeweka nidhamu juu ya sitaha ile kwa siku nne, na ndiye aliyekagua upya hesabu za mahali walipo na kugundua kosa. Mimi lawama yangu naipeleka kwenye hesabu ya ramani kuliko kwenye amri. Kama Monaghan ingepelekwa mahali penyewe tarehe 8, wale wa kwenye chelezo walikuwa na siku moja tu majini.

Kijana wa Sengerema

Mkuu, je ni kweli Neosho ilitumwa kama chambo? Nimeona video moja inasema hivyo.

Mkunazini

Hapana, na naomba tusilisambaze hilo. Iliondolewa ili iwe salama. Fletcher hakuwa na meli nyingine yenye uwezo ule eneo lile, huwezi kufanya chambo kitu ambacho bila hicho huwezi kubaki vitani. Ilipopotea, muda wake wa kukaa ile bahari ulianza kuhesabika kwa mafuta yaliyomo kwenye matanki ya manowari zake.

Ila matokeo yake, bila mtu kuyapanga, yalikuwa makubwa. Saa zile Wajapani wametupa ndege 78 kusini, Fletcher naye alikuwa amerusha zake kaskazini, na hakuna kundi kamili la adui lililokuwa tayari kumrukia. Ndege zake zikaikuta Shoho, zikaizamisha asubuhi hiyo hiyo, na msafara wa kuteka Port Moresby ukageuza. Jioni Hara, akiwa na hamu ya kufidia asubuhi iliyopotea, akatuma marubani wake hodari zaidi, ndege 27, kwenye mawingu na giza linaingia. Tisa hazikurudi. Kuna zilizochanganyikiwa mpaka zikataka kutua juu ya Yorktown. Kesho yake Shokaku ikapigwa vibaya, na Zuikaku ikabaki na ndege pungufu. Zote mbili hazikuwepo Midway tarehe 4 Juni.

Sisemi Neosho ndiyo iliyoshinda Midway. Nasema ile asubuhi moja ya ndege 78 kuifuata meli ya mafuta ni pete mojawapo ya mnyororo ule, na kwenye masimulizi mengi inapewa mstari mmoja.

Mwana Makupa

Salamu kutoka Mombasa. Wazee wangu walikuwa wakisimulia Kilindini ilivyojaa manowari za Mwingereza mwaka 1942. Kuna uhusiano wowote na hizo Shokaku na Zuikaku?

Mkunazini

Upo, na wa moja kwa moja kabisa, ndugu yangu. Aprili 1942 meli hizo hizo mbili zilikuwa Bahari ya Hindi pamoja na nyingine za Wajapani zikiipiga Ceylon, Sri Lanka ya leo. Tarehe 9 Aprili wakaizamisha meli ya ndege ya Uingereza, Hermes, na siku hiyo hiyo wakazamisha na meli mbili za mafuta, Athelstane na British Sergeant. Admirali Somerville akaona Ceylon si mahali pa kukaa, akazirudisha manowari zake kongwe Kilindini. Ndiyo zile wazee walizoziona. Wajapani wakatoka Bahari ya Hindi, Shokaku na Zuikaku zikaelekezwa kusini kwa ajili ya Port Moresby, na haikupita hata mwezi toka Hermes izame, ndege zao zikawa juu ya Neosho.

Na wiki ile ile ya Bahari ya Matumbawe Waingereza walikuwa wanateremka Diego Suarez, Madagaska, kwa kuhofia Wajapani wasiichukue. Baadaye mwaka huo askari wa King's African Rifles kutoka huku kwetu wakapelekwa kisiwani humo. Bahari zilikuwa mbili, vita vilikuwa kimoja.

Mwana Makupa

Ahsante sana. Hili sikuwahi kulisikia likiunganishwa hivi.

Baharia wa Zamani

Mwanzisha uzi, jina liliendelea au liliishia hapo?

Mkunazini

Liliendelea mzee. Mwaka 1942 huo huo meli nyingine ya mafuta, AO-48, ikapewa jina Neosho, ikamaliza vita salama. Mwaka 1954 ikaja ya tatu, AO-143, ambayo ndiyo iliyoongoza kundi lake jipya la meli za mafuta. Na ule ufundi wa mpira ubavuni ulikua kiasi kwamba mwaka 1944 na 1945 vikosi vyote vya meli za ndege vilikuwa vinabaki baharini wiki kwa wiki bila kugusa bandari. Wajapani nao kufikia hapo walikuwa wamejifunza: Novemba 1944 kule Ulithi, visiwa vya Pasifiki, torpedo inayoendeshwa na mtu ndani yake iliizamisha meli ya mafuta Mississinewa, na mabaharia 63 wakafa. Hiyo ina mambo yake, mpaka mafuta yaliyokuja kuvuja miaka ya 2000 na wapiga mbizi kwenda kuyanyonya. Nitaifungulia uzi wake, hapa tubaki na Neosho.

Fundi Boila

Ukiufungua niite mkuu. Na kama una maelezo ya ndani ya chumba cha mashine cha hizi za kundi la Cimarron, presha ya boila zao na mpangilio wa mabomba, weka. Nataka nijue zile vali nne zilikuwa zimekaa wapi.